Nakaa na Wabudha wa kila aina, sasa moyo unanienda mbio: niendelee?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Moshi, miaka 41, nafanya kazi ya kutunza wazee hapa London, zamu za usiku. Mama yangu alifariki mwaka jana. Karatasi zangu za ukaaji zilikuwa hazijakamilika, sikuweza kwenda kumzika. Tangu hapo usingizi umenipotea. Mwenzangu wa kazini akanipeleka kwenye kituo cha meditesheni mtaani kwetu. Ni cha Wabudha, ila wanasema wanapokea mapokeo yote ya Kibudha na mtu wa dini yoyote. Hakuna kiingilio, unatia ulichonacho kwenye kisanduku. Jumanne wanafundisha kufuata pumzi. Alhamisi ni Zen, tunakaa tukitazama ukuta macho wazi na mwalimu anasema tusifuate chochote. Jumapili ni Watibeti, wanaimba na kutuambia tuone umbo la mwanga. Nimekuwa nikienda siku zote tatu kama miezi miwili. Mwanzoni nililala vizuri. Wiki hizi za mwisho nikifumba macho tu moyo unaenda mbio, naona uso wa mama, nalia mpaka naona aibu. Mmoja wao akaniambia ni dalili njema, eti uchafu wa zamani unatoka, nikaze. Wananishauri niende mafungo ya kimya ya siku 10. Pia mwezi ujao anakuja lama, yaani mwalimu wa Kitibeti, kutoa baraka, kila mtu anakaribishwa. Mimi ni Mkatoliki, na mume wangu anasema hawa wanaoinamia sanamu watanivuta niabudu miungu. Je, niendelee? Kama ni kuendelea, nifuate lipi kati ya hayo matatu?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa msiba. Kufiwa na mama ukiwa mbali, usiweze hata kutupa udongo kaburini, ni jambo linalowapata wengi walio ughaibuni, na wengi hulimeza kimya kimya. Umeuliza ufuate lipi kati ya matatu, nami nitalijibu hilo. Lakini kuna linalotangulia: mwili wako unakueleza kitu, na aliyekuambia ukaze amekisoma vibaya.

Kwa hiyo tuanze na moyo unaokwenda mbio. Mengine yanaweza kusubiri.

Ungekuwa nyumbani, mngelala sebuleni kwenye mikeka, mngepika kwa masufuria ya kuazima, na kila anayeingia mlangoni angekufanya ulie upya. Baada ya siku kadhaa za kulia mbele za watu, mwili ungeanza kukubali kwamba mama amekwenda. Wewe ulipata simu, pengine ukaona mazishi kwenye video ya WhatsApp, kisha ukaingia zamu. Na zamu yenyewe ni ya kuwageuza kitandani wazee ambao baadhi yao wana umri wa mama yako. Mchana unalala vipande vipande. Katika maisha ya namna hiyo huzuni haijapata hata saa moja ya kuja. Halafu mara tatu kwa wiki unaketi nusu saa au zaidi bila simu, bila mzee wa kumhudumia, bila lolote la kufanya. Kilio ulichokiahirisha kimepata nafasi yake ya kwanza, basi kimekuja.

Mbona mwanzoni ulilala vizuri? Kwa sababu wiki za kwanza akili ilikuwa na somo jipya, mgongo ukae hivi, mikono iwekwe vile, na mwili uliochoka ukapata pahali pa kupumzika. Utulivu ule ulikuwa wa kweli. Ila ndio pia uliolegeza ile mikazo ya kifua na koo iliyokuwa ikikuzuia kulia.

Kuna na suala la pumzi. Watu wengi, hata baadhi ya wanaofundisha, huamini kwamba kufuata pumzi humtuliza kila mtu. Sivyo. Pumzi imefungamana na mfumo wa mwili wa kuhisi hatari. Mtu mwenye wasiwasi pumzi yake huwa fupi. Akiikodolea macho pumzi hiyo fupi, ubongo unauchukua ufupi wake kama ushahidi kwamba kuna hatari kweli, moyo unaongeza kasi, pumzi inafupika zaidi, na mzunguko unajikaza wenyewe. Aliyelala usiku mzima anaweza kuutazama mzunguko huo mpaka ukapita. Aliyetoka zamu saa moja asubuhi hana nguvu hiyo, maana kukosa usingizi peke yake kunatosha kumpandisha mtu wasiwasi.

Hilo la uchafu kutoka halikutungwa na mwenzako, lina chanzo. S. N. Goenka, mwalimu aliyezaliwa Burma na kueneza kozi za siku 10 duniani kote, alifundisha kwamba mabaki ya matendo na hisia za zamani hupanda juu mwilini na kwisha endapo mtu atayatazama bila kuyachukia wala kuyang'ang'ania. Ni fundisho lenye mantiki yake ndani ya kozi yenye mwalimu, ratiba na masharti. Likichukuliwa na kubandikwa kwa mjane au yatima yeyote anayelia ukumbini, linageuka hatari, kwa kuwa linaifanya kila dalili mbaya ionekane njema na halimwachii mtu njia ya kusema "imezidi". Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, Jared Lindahl na Willoughby Britton pamoja na wenzao, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuwahoji watu wa meditesheni wa Theravada (mapokeo ya Kibudha ya Sri Lanka na Thailand, ambayo ndiyo ya Jumanne yako), Zen na Kitibeti, pamoja na walimu wao. Wahojiwa walieleza hofu, kukosa usingizi, kuhisi kama si wao wenyewe, na wengine maisha yao ya kazi yalivurugika. Kilichonigusa zaidi ni kwamba walimu wenyewe hawakuafikiana: hali ambayo mmoja aliiona ni hatua ya safari, mwingine aliiona ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali. Kama walimu wa maisha yote wanatofautiana, jirani yako wa mto wa kukalia hana haki ya kukuambia ukaze.

Fanya hivi kwa mwezi mmoja hivi. Kaa kwa dakika 10 tu, macho wazi, ukitazama sakafu mbele yako. Usifuate pumzi. Weka akili kwenye nyayo zako zinavyogusa sakafu, au kwenye mikono ilivyokaa mapajani, au kwenye sauti: gari linapita, bomba linalia, mtu anakohoa. Moyo ukianza kukimbia, usishindane nao. Simama, tembea polepole ukuta hadi ukuta, kunywa maji. Kutembea nako ni meditesheni, hakuna atakayekushangaa. Uso wa mama ukija, unaruhusiwa kuutazama, na unaruhusiwa kufungua macho na kuahirisha. Wewe ndiye mwenye kuamua. Na usikae mara tu ukitoka zamu, lala kwanza.

Sasa kwenye mapokeo. Inafaa ujue kwamba nyumba kama hiyo unayokwenda ni kitu cha ajabu kidogo katika historia ya Ubudha. Mwanakijiji wa Thailand anaweza kuishi miaka themanini akienda hekaluni kila wiki na asikutane hata mara moja na mtu wa Zen. Mjapani hana sababu ya kumjua lama. Mapokeo hayo yaliachana zamani: Theravada ikakita Sri Lanka, Burma na Thailand, Zen ikakulia China kabla ya kufika Japani, Watibeti wakapokea yao kutoka India kuanzia karne ya 7 na ya 8. Yalikuja kukaa chumba kimoja huku Magharibi, na sababu kubwa ilikuwa uchache wa watu na bei ya pango. Katika sensa ya 2021, Wabudha wa Uingereza na Wales walikuwa karibu 273,000, nusu asilimia ya watu wote. Vikundi vitatu vya watu kumi na tano haviwezi kulipia kumbi tatu London. Mfano mmoja wa zamani ni The Buddhist Society, iliyoanzishwa mwaka 1924 na Christmas Humphreys, mwanasheria, ambayo mpaka leo iko Eccleston Square na inafundisha Theravada, Zen na Kitibeti bila kumlazimisha mtu kujiunga na upande wowote. Afrika nako kuna kituo cha namna hiyo kule Ixopo, Afrika Kusini, tangu mwaka 1980.

Uzuri wake ni kwamba unaonja kabla ya kujifunga, na hakuna anayekuambia ya kwake ndiyo pekee ya kweli. Kasoro yake ndiyo hiyo iliyokupata. Kila mwalimu anafundisha kana kwamba wewe ni mwanafunzi wake peke yake. Hajui ulichoambiwa juzi.

Tazama walivyokuchanganya. Mwalimu wa Jumanne anakupa kitu kimoja cha kushika. Pengine ni pumzi puani, pengine tumbo linavyopanda na kushuka, mtindo uliosambazwa na Mahasi Sayadaw wa Burma, ambapo unataja kimoyomoyo "inapanda, inashuka", na ukiwaza unataja "nawaza" kisha unarudi. Kazi yake ni kuijenga akili ikae mahali pamoja, halafu ianze kuona jinsi kila hisia inavyozuka na kupotea.

Wa Alhamisi anakunyang'anya hicho ulichopewa. Soto Zen, tawi la Zen lililoanzishwa Japani na mtawa Dogen wa karne ya 13, huita mazoezi yake kukaa tu. Unatazama ukuta, macho nusu wazi, huchagui kitu wala husukumi kitu. Usidhani kwamba hakuna ufundi ndani yake. Ufundi wote umewekwa mwilini. Angalia mikono: wa kushoto juu ya wa kulia, na ncha za vidole gumba zinagusana kidogo sana, kama zimeshika karatasi. Ukisinzia, vidole vinaporomoka na kuachana. Ukikaza akili, vinasukumana na kuinuka juu kama kilima. Mwalimu mzuri akipita nyuma yako, hahitaji kukuuliza unawaza nini, ameshaviona vidole. Lakini kumwambia "usifuate chochote" mtu ambaye akili yake haijazoea kutulia, tena mwenye msiba mbichi, ni kumwacha peke yake na kila kinachopanda. Ndiyo maana hata ndani ya Zen waalimu wengi humwanzisha mgeni kwa kuhesabu pumzi moja hadi kumi.

Wa Jumapili anafanya kinyume kabisa: anajaza akili. Huenda mnachofanya ni mazoezi ya Chenrezig, anayewakilisha huruma, mweupe, mwenye mikono minne, huku mkiimba om mani padme hum na kuona mwanga ukitoka kwake kwenda kwa kila kiumbe chenye mateso. Mwishoni umbo lote huyeyushwa kuwa mwanga na kupotea. Hatua hiyo ya kuyeyusha ni muhimu na wageni huikosa kwa kuondoka mapema kuwahi basi. Ni mazoezi yenye joto, wengi waliofiwa huyapenda. Ila ndiyo yaliyo karibu zaidi na ibada, nitarudi hapo.

Kwa hiyo kwa wiki moja unaambiwa shika, achia, jaza. Kila moja lina akili yake, na yote matatu yanaelekea kwenye maadili, utulivu na hekima. Mwaka 1967 mtawa Walpola Rahula wa Sri Lanka aliandika hoja kadhaa zinazounganisha Theravada na Mahayana, kundi ambamo Zen na Watibeti wamo, na mkutano wa watawa uliokutana Colombo ukazikubali. Lakini kukubaliana mafundisho si sawa na kuchanganya mazoezi. Wewe umefanana na mgonjwa anayekunywa dawa za waganga watatu kwa wiki moja: akipata nafuu hajui ni ya nani, akizidiwa hajui aache ipi.

Basi jibu langu: bakia na Jumanne, uache hizo nyingine mbili kwa miezi mitatu hivi. Siipendekezi kwa sababu Theravada ni bora kuliko Zen. Ina maelekezo ya wazi, ya hatua kwa hatua, ni rahisi kumwambia mwalimu "pumzi inanitia hofu" akakubadilishia kitu cha kushika, na ndiyo yenye matambiko machache zaidi katika vituo vya namna hii, jambo linalokugusa wewe na mumeo. Kama moyo wako ulitulia zaidi Alhamisi, chagua Alhamisi, ila umwombe mwalimu akuanzishe kwa kuhesabu. Usichague kwa hoja za vitabu. Chagua kwa kuangalia mwalimu yupi anakujua jina, anakuuliza unalala vipi, na anakujibu swali bila kukimbilia methali za Kijapani.

Mafungo ya siku 10? Hapana, si sasa. Naelewa wanachokusudia, na nimewaona watu waliobadilika kwa uzuri kutokana na mafungo hayo. Lakini fahamu yalivyo: kozi za mtindo wa Goenka zina karibu saa kumi za kukaa kwa siku, kimya kitupu, bila simu, bila kutazamana, bila kuandika. Hiyo ni dozi mara nyingi zaidi ya hiyo inayokushinda sasa, na huko hakuna mumeo wala shoga wa kumpigia. Fomu za kujiandikisha zenyewe huuliza kuhusu afya ya akili, na huuliza kwa sababu. Jaza kwa ukweli utakapofika wakati wake. Nusu siku ya Jumamosi moja, baada ya moyo kutulia na usingizi kurudi, inatosha kuwa jaribio.

Nije kwa mumeo na suala la imani. Yeye ana kosa moja na wenyeji wako wa kituo wana lao. Wao hupenda kusema "hii si dini, ni mazoezi ya akili tu". Usikubali kirahisi. Ubudha ni dini, una watawa, viapo, sala, mafundisho juu ya kuzaliwa upya, na mamilioni wanaoishi na kufa ndani yake. Kumwambia bibi wa Sri Lanka kwamba kile anachokipelekea maua alfajiri si dini ni kumvunjia heshima. Mumeo naye anakosea akidhani kila anayeinama anamwabudu Buddha kama Mungu. Buddha hachukuliwi kuwa muumba. Kuinama kwa wengi wao ni heshima kwa mwalimu na kujishusha, japo kwa wengine, hasa upande wa Kitibeti, ni ibada hasa, na si uungwana kulificha hilo.

Ushauri wangu kwa Mkristo ni kwamba asihangaike na mto wala mkeka. Ahangaike na maneno na viapo. Kukaa na kutazama nyayo zako hakukufungi na kitu. Kuinama unaweza kuacha. Kaa ulivyo, mikono mapajani, hakuna kituo cha heshima kitakacholalamika. Pa kuangalia kwa makini ni pale unapotamka. Jumanne, kabla ya kukaa, huenda wanaimba kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada: *Buddham saranam gacchami*. Maana yake ni kwamba namkimbilia Buddha kuwa kimbilio langu. Hilo ni tamko la kuwa Mbudha, nalo hurudiwa mara tatu. Wageni wengi hulifuatisha kwa adabu bila kujua wamesema nini. Wewe kaa kimya tu. Zen nao wana nadhiri za kuwaokoa viumbe wote. Nzuri mno, lakini ni nadhiri.

Na hapo ndipo inapoingia hiyo inayoitwa baraka ya lama. Uliza kwa jina: je, ni mhadhara, ni sala ya baraka, au ni abhisheka, ambayo Watibeti huiita *wang*? Ikiwa ni abhisheka, basi ni ibada ya kumwingiza mtu katika mazoezi ya siri ya mtukufu fulani, kama huyo Chenrezig. Huanza kwa kimbilio nililolitaja, mara nyingi huwa na viapo vinavyoitwa samaya kati ya mwanafunzi na mwalimu, na baadhi huja na ahadi ya kusoma sala fulani kila siku maisha yote. Walimu wengi huruhusu mtu kukaa kama mtazamaji bila kupokea viapo. Ila nakwambia kama dada yangu: kwa mtu aliye kwenye hali yako, na Mkatoliki juu yake, sioni sababu ya kuwa mle ndani siku hiyo. Akitoa mhadhara wa kawaida jioni, nenda ukasikilize.

Nalisisitiza hili la viapo kwa sababu nyingine pia. Utii kwa mwalimu umewahi kutumika vibaya. Mwaka 2017 wanafunzi wanane wa muda mrefu wa Sogyal Rinpoche, mwanzilishi wa Rigpa, shirika la vituo vya Kitibeti, na mmoja wa malama waliojulikana sana Ulaya, walimwandikia barua ya kumtuhumu, na uchunguzi wa kampuni ya mawakili uliotolewa mwaka 2018 ulithibitisha kwamba baadhi ya wanafunzi wa karibu walidhulumiwa kimwili, kingono na kihisia. Simaanishi kituo chako kina tatizo hilo. Namaanisha uliza maswali ambayo ungeuliza shule ya mtoto wako. Nani anasimamia nyumba? Je, imesajiliwa kama shirika la hisani, maana rejista ya Charity Commission, mamlaka inayosimamia mashirika hayo, iko wazi mtandaoni na hesabu za fedha zinaonekana? Mtu akinisumbua, namwendea nani? Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee katika nyumba ya mapokeo mengi. Mtawa wa Theravada anabanwa na kanuni 227 na ana mkuu wa monasteri juu yake. Mwalimu mgeni anayekuja Jumapili moja kwa mwezi kwenye ukumbi wa kukodi, juu yake ni nani? Kituo kizuri kina jibu, tena kwa maandishi.

Kwa mumeo, kuna mambo mawili ya Kanisa lenu ambayo huenda yakamtuliza kuliko maneno yangu. Tamko la Nostra Aetate la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, linautaja Ubudha kwa heshima na kusema Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Kisha mwaka 1989 Vatikano ilitoa barua kuhusu sala na kutafakari, iliyosainiwa na Kardinali Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto wa 16. Haikupiga marufuku. Ilisema mtu anaweza kuchukua kilicho na manufaa katika njia hizo mradi maana ya sala ya Kikristo isipotee, na ikaonya kwamba utulivu, joto na mwanga anaouhisi mtu akikaa asiuchukulie moja kwa moja kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu. Onyo hilo, kusema kweli, hata mwalimu wa Zen angelitia saini kwa maneno yake. Mjesuiti Mjerumani, Padre Hugo Enomiya-Lassalle, aliyenusurika bomu la Hiroshima, alikaa Zen miaka mingi na akafa mwaka 1990 akiwa bado padre. Zungumza na padre wako, mpelekee maswali haya haya. Na umwalike mumeo Jumanne moja aketi nyuma aone kinachofanyika. Akisema haya ni mambo ya Wazungu, mwambie katikati ya Dar es Salaam kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala enzi za ukoloni, lenye mti wa bodhi, aina ya mti mtakatifu kwa Wabudha, uliotokana na ule wa Anuradhapura, Sri Lanka, na Uganda kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda.

Mwombee Misa mama yako kama hujafanya hivyo. Nasema hivi nikiwa mtu wa meditesheni: katika mambo yote uliyoyaandika, kinachokosekana zaidi ni matanga. Kusanya wenzako wa Kilimanjaro walio karibu, pikeni, wekeni picha yake mezani, kila mmoja amseme. Kilio kinachomiminika peke yako juu ya mto wa kukalia, katikati ya watu wasiomjua mama wala lugha yake, kina mipaka ya faraja kinayoweza kuleta.

Zaidi ya hapo, kuna msaada ambao kituo hakiwezi kuutoa na hakipaswi kujaribu. Nenda kwa GP wako, daktari wa mtaa. Kujiandikisha na kumwona hakulipiwi hata kwa mtu ambaye karatasi zake hazijakamilika. Mweleze usingizi, moyo, msiba na meditesheni, yote manne, na ikiwa unatumia dawa yoyote usiiache kwa sababu umeanza kukaa. Hapo England unaweza kujipeleka mwenyewe NHS Talking Therapies, huduma ya serikali ya tiba ya mazungumzo, bila barua ya daktari. Ushauri wa waliofiwa, bila malipo, hutolewa na Cruse, shirika lililoanzishwa mwaka 1959. Na kama ulipenda sana utulivu wa zile wiki za mwanzo, muulize daktari kuhusu kozi ya wiki nane iitwayo MBCT, inayochanganya meditesheni na tiba ya mawazo. Imekuwa kwenye miongozo ya afya ya Uingereza tangu 2004 kwa watu ambao sonona huwarudia mara kwa mara, haina sanamu wala nadhiri, na huongozwa na mtu aliyefunzwa kushughulika na kinachopanda. Inaweza isiwe yako kwa sasa, lakini ni vizuri daktari ajue unavutiwa na njia hiyo.

Usisubiri miadi ya kawaida ukiona mojawapo ya haya: usiku kadhaa bila usingizi kabisa huku huhisi uchovu, kusikia sauti ya mama ikikuamrisha kitu, kuhisi dunia au mwili wako si halisi kwa saa nyingi, hofu inayokushika kazini ukashindwa kumhudumia mgonjwa, au mawazo kwamba afadhali umfuate. Piga 111 uchague huduma ya afya ya akili, saa 24, au 999 kama uhai wako uko hatarini. Samaritans, shirika la kuwasikiliza walioelemewa, wako 116 123, bure. Siku hizo usikae kabisa, si kwa dakika 10 wala tatu. Mazoezi yanarudiwa ukipona.

Jumanne hii fika robo saa mapema, mvute mwalimu pembeni, umwambie maneno haya haya: "Nimefiwa na mama, nikifuata pumzi moyo unakimbia, nitakaa macho wazi nikitazama nyayo zangu, na nikisimama katikati usishangae." Akikujibu vizuri, umempata mwalimu. Akikwambia ukaze, chukua koti lako urudi nyumbani ukalale kabla ya zamu.